Picha za Chapa za Jangwa la Kusini-Magharibi mwa Marekani: Kuchagua, Kufremu na Kutundika

Picha ya kwanza niliyoinunua hapa Tucson, Arizona, ilinigharimu dola 14 pamoja na fremu yake, kwenye duka la mitumba. Mlango wa buluu kwenye ukuta wa udongo, ngazi ya miti imeegemezwa pembeni, kivuli chake kimelala mshazari hadi chini. Mtu aliyekulia Mombasa hapiti mlango mzuri bila kugeuza shingo, kwa hiyo sikuuliza lolote, nikalipa nikaondoka nayo kwapani. Ilikuwa chapa halisi ya skrini, yaani picha iliyochapwa kwa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu, nakala ya 61 kati ya 150, na wakati huo sikujua hata maana ya hizo namba. Mwaka uliofuata nikamlipa muuzaji mmoja wa mtandaoni dola 160 kwa "litografia iliyosainiwa na msanii", yaani chapa ya mchoro uliochorwa juu ya jiwe au bamba. Nikaletewa bango la kawaida, na hata sahihi yake ilikuwa imechapwa na mashine.

Mara zote mbili nilifanya kosa lilelile: niliitazama picha kabla ya kuitazama karatasi. Mara ya kwanza bahati ilinifunika. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi, na uzuri wa picha nakuachia wewe na macho yako.

Unatafuta nini hasa

Wauza picha wakisema Kusini-Magharibi wana maana ya New Mexico na Arizona, pamoja na vipande vya Utah, Colorado na Texas. Rangi zake zinajitambulisha: rangi ya chungu, ya mchanga, feruzi, na waridi ile ya anga jua linapozama. Utaona nyumba za adobi, yaani matofali ya udongo na majani makavu yaliyoanikwa juani, mablanketi ya Wanavajo yenye pembetatu na ngazi, makanisa yasiyo na kona kali, mafuvu ya ng'ombe, kaktasi.

Kwa mnunuzi, picha hizi zilikuja kwa mawimbi matatu, na ukijua moja ni la wimbi gani umeshajua nusu ya bei yake. Wimbi la kwanza ni la reli. Kampuni ya reli ya Santa Fe ilitaka abiria, ikanunua michoro ya jangwa na kuisambaza kwa kalenda na mabango. Wachoraji wenyewe walikuwa wameshaanza kuingia. Mwaka 1898 Ernest Blumenschein na Bert Phillips walikuwa safarini na gari la farasi, gurudumu likavunjika karibu na Taos, mji mdogo wa New Mexico, nao wakapapenda mahali pale. Mwaka 1915 wakaanzisha pamoja na wenzao chama cha wasanii wa Taos. Gustave Baumann, mzaliwa wa Ujerumani, alifika mji wa Santa Fe, New Mexico, mwaka 1918 na ufundi wake wa kuchapa kwa mbao zilizochongwa, kila rangi na ubao wake. Chapa zake halisi zina muhuri wa kiganja juu ya moyo, na leo hazinunuliki kwa pesa za mitumba.

Wimbi la pili ni la litografia. Karakana ya Tamarind, iliyoanzishwa Los Angeles na June Wayne mwaka 1960, ilihamia Albuquerque mwaka 1970 chini ya Chuo Kikuu cha New Mexico. Mchoraji Fritz Scholder alichapa huko. Miaka hiyohiyo R. C. Gorman, Mnavajo aliyezaliwa Chinle, Arizona, mwaka 1931, alikuwa na nyumba yake ya sanaa mjini Taos, akichora wanawake wazito waliojifunika mablanketi, mstari mmoja tu kuanzia bega hadi unyayo.

La tatu ni mafuriko ya miaka ya 1980, mtindo ulipoingia kila sebule ya Marekani: waridi na feruzi, vyungu, koyote, mbwa mwitu wa huko, anabweka kwa mwezi na leso shingoni. Hayo ndiyo yaliyojaa madukani kwa dola 5 hadi 30. Sina ugomvi na koyote, ila wawili nyumba moja ni wengi mno.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa mabango ya watalii. Saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono, huota kwenye jangwa la Sonora, yaani hasa kusini mwa Arizona na ng'ambo ya mpaka, Mexico. Ukiikuta imesimama mbele ya minara ya mawe ya Monument Valley, huko mpakani mwa Arizona na Utah, mchoraji alichora alichosikia.

Hatua ya kwanza: isome karatasi

Beba vitu vitatu: kioo cha kukuzia cha sonara kinachokuza mara 10, tochi ya simu, na futi ya utepe. Omba ruhusa ya kuigeuza picha. Anayekukatalia kuigeuza amekuokolea pesa zako.

Weka kioo cha sonara juu ya sehemu yenye rangi iliyochanganyika, kwa mfano kijivu cha kivuli au waridi ya mawingu. Ukiona vidoti vya buluu, waridi, njano na vyeusi vimejipanga kwa mpangilio kama vishada vya maua madogo, hiyo ni ofseti: mashine imepiga picha ya mchoro na kuichapa kama inavyochapa gazeti. Ofseti si dhambi. Bango zuri la maonyesho lina heshima yake, lakini bei yake ni ya bango.

Ukiona nukta ndogo sana zilizotawanyika bila mpangilio wowote, kama ukungu uliopulizwa, hiyo imetoka kwenye printa ya wino ya siku hizi. Anayekuambia ni ya mwaka 1975 anakudanganya.

Litografia ya kweli ina chembe zisizolingana, mfano wa chaki iliyopitishwa juu ya mchanga laini, kwa sababu msanii alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe au bamba na chembe hizo ndizo ngozi ya jiwe lenyewe. Chapa ya skrini haina chembe wala vidoti. Rangi imelala kwa tabaka nzima, bapa. Hapa ndipo tochi inapofanya kazi: ilaze ubavuni mwa karatasi, karibu iguse, mwanga upite juujuu. Kwenye ule mlango wangu, buluu ilipoishia na udongo kuanza paliinuka kijiukingo chembamba, rangi juu ya rangi, na mahali pamoja msanii hakulenga sawasawa: uzi wa karatasi nyeupe umeachwa kati ya kizingiti na ukuta, mwembamba kuliko unywele. Mashine ya ofseti haikuachii kitu kama hicho. Chapa ya ubao nayo huacha alama ya mgandamizo, na ukiigeuza utaona umbo limesukumwa kutoka upande wa pili.

Sasa teremka kwenye ukingo wa chini, nje ya mchoro. Kwa desturi nambari ya nakala iko kushoto, jina la picha katikati, sahihi kulia, zote kwa penseli. Penseli ya kweli inang'aa kijivu chini ya tochi na imeikuna karatasi kidogo. Sahihi yenye vidoti ni sehemu ya picha. Mimi nililipa dola 160 kujifunza sentensi hiyo.

Tafuta pia muhuri mdogo usio na wino, umbo lililominywa kwenye kona, ambalo ni alama ya karakana iliyochapa. Wachapaji wa Tamarind huweka ya kwao.

Tahadhari moja kuhusu jina linalouza kuliko yote. Georgia O'Keeffe alianza kukaa New Mexico kwa misimu mwaka 1929, akahamia moja kwa moja mwaka 1949, akafia Santa Fe mwaka 1986. Kazi yake kubwa ilikuwa rangi za mafuta. Karibu kila "chapa ya O'Keeffe" utakayokutana nayo dukani ni bango la jumba la makumbusho au la tamasha. Linunue ukilipenda, kwa bei ya bango.

Nyuma ya fremu

Karatasi ya kahawia iliyofunika mgongo mara nyingi ina lebo ya fundi wa fremu. Posta ya Marekani ilianza kutumia msimbo wa tarakimu tano mwaka 1963, kwa hiyo lebo yenye msimbo huo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Lebo inaonyesha umri wa fremu tu, kwani picha inaweza kuwa ya zamani zaidi, lakini lebo ya miaka ya 1970 ni shahidi mzuri.

Halafu chungulia ukingo wa maunti, ile kadi nene iliyokatwa dirisha kuzunguka picha. Mkato wake ukiwa wa kahawia badala ya mweupe, kadi ina asidi, na kuna uwezekano imeshauchoma mstari wa kahawia kwenye karatasi. Madoa madogo kama kutu yametokana na unyevu na ukungu. Kona zilizokatwa ili picha itoshee fremu, au picha iliyogandishwa yote juu ya ubao, hushusha thamani mno, na hiyo ya ubao usijaribu kuibandua mwenyewe.

Na rangi? Kwenye wino wa ofseti, waridi na njano ndizo zinazokufa kwanza kwa jua, buluu na nyeusi hubaki. Ndiyo maana bango lililokaa dirishani miaka 20 huonekana la buluu-kijivu. Hapa wengi wanadanganyika, kwa kuwa mtindo wa miaka ya 1980 wenyewe ulipenda rangi zilizofifia. Inua maunti kidogo, ulinganishe rangi iliyofichwa chini yake na iliyo wazi. Ikiwa chini ni nyekundu ya damu na juu ni waridi hafifu, upole unaoupenda ni ugonjwa.

Picha na wenyewe

Vitabu vyetu vya shule viliwaita wenyeji wa asili wa Marekani wote "Wahindi Wekundu". Uliache neno hilo hukohuko. Wanavajo hujiita Diné. Wako Wahopi, Wazuni, Watewa, kila taifa na lugha yake. Jua la miale minne minne lililo kwenye bendera ya New Mexico tangu 1925 ni alama takatifu ya watu wa Zia, nao ni wenyeji wa huko. Katsina wa Kihopi, yaani roho wanaochorwa na kuchongwa, ni sehemu ya ibada, na mimi siwaweki ukutani karibu na televisheni. Wewe utaamua kwako.

Ukitaka kazi ya mikono yao, uliza jina la msanii na taifa lake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa madai ya uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji hao, kwa hiyo muuzaji mkweli atakuandikia hayo kwenye risiti. Maneno kama "mtindo wa Navajo" yana maana moja: hakuna Mnavajo aliyeugusa.

Kama huna pa kununua

Ukiwa Dar au Muscat hakuna mitumba ya Tucson, lakini kuna Maktaba ya Bunge la Marekani, inayotoa faili kubwa bure mtandaoni. Tafuta fotokromu za kampuni ya Detroit za kuanzia miaka ya 1890, picha nyeusi zilizotiwa rangi kwa litografia, zikiwemo za vijiji vya adobi. Tafuta mpiga picha Edward Curtis na picha yake ya mwaka 1904 ya wapanda farasi wadogo kama siafu chini ya kuta za Canyon de Chelly, korongo la Arizona. Yako pia mabango ya skrini ya hifadhi za taifa yaliyochapwa na mradi wa ajira wa serikali mwishoni mwa miaka ya 1930, Grand Canyon ikiwa mojawapo. Kazi zilizochapishwa Marekani kabla ya 1929 hazina tena hakimiliki huko, na mabango ya serikali kuu hayakuwahi kuwa nayo. Soma maelezo ya haki chini ya kila faili hata hivyo.

Pakua faili ya TIFF. Gawanya idadi ya pikseli kwa 300 upate inchi za kuchapa vizuri: pikseli 3,600 kwa 4,800 zinakupa inchi 12 kwa 16, yaani kama sentimita 30 kwa 41, karibu sawasawa na A3. Kwa picha ya kutazamwa kutoka mbali, gawanya kwa 200. Mwambie mchapaji unataka karatasi ya pamba isiyong'aa na wino wa pigimenti. Karatasi ya kung'aa inaua jangwa, mchanga unaonekana umemwagiwa mafuta. Na usiisaini.

Kufremu

Pesa uliyookoa kwenye picha itie hapa. Nyumba nyingi nimeziona na picha ya dola 20 ndani ya fremu nzuri ikiishinda ya dola 500 iliyogandishwa kwenye hadibodi.

Kosa la mafundi wetu wengi ni gundi. Wanataka karatasi ilale bapa kama kigae, basi wanaipaka gundi ya mbao mgongo mzima. Mwambie fundi kabla hajaishika: usibandike. Karatasi huvimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, na ukiifunga pande zote nne itajikunja mawimbi au ichanike. Inatakiwa ining'inie kutoka juu tu, au ishikwe kwa vifuko vya karatasi kwenye kona.

Vifuko ndivyo rahisi. Kata vipande vya karatasi isiyo na asidi, vikunje pembetatu, vibandike kwenye ubao wa nyuma ili kona za picha ziingie ndani, gundi isiguse picha popote. Ukitaka njia ya kuning'iniza, kata vipande viwili vya karatasi ya Kijapani upana wa sentimita 3, uvipake uji wa wanga wa ngano: sehemu 1 ya wanga kwa 4 za maji, koroga motoni mpaka uwe mzito na uanze kupenya mwanga, uache upoe. Ni wanga, si unga wa chapati. Bandika ncha moja nyuma ya picha ukingoni juu, nyingine kwenye ubao. Uji huu ukilowanishwa huachia, selotepu haiachii kamwe na ikizeeka huacha doa la njano.

Maunti iwe ya pamba au isiyo na asidi, nyeupe ya maziwa, upana wa sentimita 6 hadi 8, chini ongeza moja. Achana na maunti za feruzi zilizokuja na picha tangu 1986. Kazi kubwa ya maunti ni kuitenga picha na kioo. Hilo mama yangu alinisomesha bila kukusudia. Nilimpelekea chapa ya skrini Mombasa ikiwa ndani ya fremu, kioo kimeilalia karatasi. Masika moja ilitosha: wino ukashikana na kioo, na nilipojaribu kuitoa nusu ya mlima ilibaki upande wa pili.

Kioo kinachozuia miale ya urujuanimno ni ghali lakini kinasaidia. Akriliki ya aina hiyo ni nyepesi na haivunjiki safarini. Visikupe kiburi, maana hata mwanga wa kawaida hufifisha rangi polepole.

Fremu yenyewe iwe ya mbao isiyo na mapambo. Angalia vipimo mapema: picha za Marekani hukatwa kwa inchi, 16 kwa 20 kwa mfano, ambayo ni sentimita 40.6 kwa 50.8. Haiingii A3, na kwenye A2 itaogelea mpaka ukate maunti yake. Usikubali picha ikatwe ili ifuate fremu.

Kuipeleka pwani

Tucson mwezi wa Juni alasiri unyevu hewani huwa kama asilimia 13. Mombasa, Tanga na Unguja kwa kawaida uko juu ya 70. Karatasi inayohamishwa hivyo inahitaji muda. Isafirishe bila kioo, imeviringwa juu ya bomba la kadi na kuingizwa ndani ya bomba pana zaidi, sentimita 10 au kupita. Ikifika, ilaze kati ya karatasi nyeupe safi, vitabu juu yake, siku nne tano chumbani itakapokaa, ndipo uifremu.

Kutundika

Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Watu wetu hutundika juu mno, karibu na dari, kana kwamba picha ni kalenda ya duka. Chagua ukuta usiopigwa na jua na usiopitisha maji ya mvua. Jikoni na karibu na bafu hapana. Ukuta wa saruji au mawe ya matumbawe utoboe kwa drili, utie plastiki ya kushikilia skrubu, na utumie skrubu mbili badala ya moja ili fremu isikae kombo. Bandika vipande vya mpira kwenye kona mbili za chini ili hewa ipite nyuma, la sivyo ukungu utaanzia huko.

Rangi za jangwa hukaa vizuri na chokaa, mbao nyeusi na mkeka wa ukindu. Hazipatani na kitenge chenye kelele karibu yake, zitameza mate tu. Picha moja ya upana wa theluthi mbili za kochi hutosha sebule nzima.

Kila baada ya masika ishushe, uitazame mgongo kwa tochi: ukungu, vijishimo vya wadudu, karatasi iliyoinuka. Ukiwa umeishusha, andika kwa penseli kwenye ubao wa nyuma, si kwenye picha, ulikoinunua, mwaka, bei, na aina ya chapa. Kwenye ubao wa ule mlango wangu imeandikwa: Tucson, dola 14, skrini, 61/150, sikuigeuza.